Kuhamia Kihesa, Iringa: Mwongozo Kamili wa Kupanga, Kuishi na Kuuzunguka Mtaa

Nilishuka Kihesa usiku wa Juni nikiwa na mabegi mawili, godoro la kukunja na kisweta kimoja nilichokinunua Kariakoo kwa kumwamini mtu aliyeniambia "Iringa kuna kabaridi". Upepo ulinipokea kabla ya mwenyeji wangu. Huu ni mwaka wa tisa. Nimepanga nyumba tatu, zote Kihesa, na moja niliikimbia. Nimewapokea wadogo zangu, wafanyakazi wenzangu na wanafunzi waliofika na sanduku la bati bila kujua pa kulala. Haya ndiyo huwa nawaambia, na kwa mpangilio huu.

Hatua ya kwanza: Ujue mji ulivyokaa

Kihesa ni kata ya Manispaa ya Iringa, kaskazini mwa katikati ya mji, kandokando ya barabara iendayo Dodoma. Manispaa nzima ilihesabiwa watu zaidi ya 200,000 katika sensa ya 2022, lakini Kihesa si mtaa wa viwanja vilivyopimwa juzi. Nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma, mabati yameshika kutu, uani kuna mparachichi mkubwa kuliko nyumba yenyewe, na watoto wanasoma shule waliyosoma baba zao. Kila kitu kina mwenyewe, hata jiwe la kukalia jioni nje ya duka.

Halafu uangalie mji wote kwa mara moja. Iringa imekaa juu ya vilima vya mawe, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya haipandi mjini. Inapita chini, Ipogolo, na Mto Ruaha Mdogo nao uko huko bondeni. Shika picha hiyo: mji juu, mto na barabara chini. Baridi, mgao wa maji na nauli ya bajaji vyote vinaanzia hapo.

Kama unataka ukimya na nyumba za uzio mrefu, nenda Wilolesi au Gangilonga, ukajiandae kulipia. Kama kazi yako inakupandisha mabasi kila wiki, Ipogolo patakufaa ukivumilia ngurumo za malori. Kihesa ni ya mtu anayetaka soko mlangoni, kanisa na msikiti karibu, na majirani wanaojua umeamka saa ngapi. Hilo la mwisho wengine hawalipendi. Lifikirie kabla hujaja.

Hatua ya pili: Tembea kwanza, dalali baadaye

Usipange nyumba kwa picha za simu. Fikia kwa ndugu au gesti, jipe siku tano au wiki, utembee asubuhi na jioni. Nyumba nzuri za hapa mara nyingi hazimfikii dalali kabisa. Mpangaji akikaribia kuhama, habari inapitia kwa mama muuza mboga, fundi cherehani, na zaidi ya wote, kijana wa mashine ya kusaga. Kila nyumba inapeleka mahindi mashineni, kwa hiyo yeye anajua nani kahama, nani anagombana na mwenye nyumba na nani anadaiwa. Nyumba yangu ya tatu niliipata nikiwa kwenye foleni ya kusaga, unga umenijaa kwenye nyusi.

Uliza kwa adabu na useme ukweli wako: "Shikamoo mama. Naulizia nyumba ya kupanga, vyumba viwili, mimi na mwanangu." Utaulizwa unatoka wapi, unafanya kazi gani, umeolewa au la. Usikasirike. Anayekuuliza ndiye atakayekwenda kukudhamini kwa mwenye nyumba.

Dalali akibidi, mkubaliane malipo kabla hamjaanza kutembea. Mazoea ni kumlipa kodi ya mwezi mmoja ukishapata nyumba. Wapo wanaodai pia hela ya kuonyeshwa, nyumba kwa nyumba, wakikuzungusha kwenye vyumba wanavyojua hutavitaka. Mimi nilizungushwa siku nzima na mmoja wao na nyumba ya mwisho ilikuwa na watu ndani, wanakula.

Angalia pia kalenda ya vyuo. Chuo Kikuu cha Iringa kiko upande huu huu wa barabara ya Dodoma, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa nacho kina wanafunzi wengi wanaopanga mitaani. Vyuo vinapofunguliwa, Oktoba na Novemba, vyumba vinaadimika na wenye nyumba wanakuwa hawana mazungumzo. Ukiweza, tafuta nyumba kati ya Julai na Agosti wanafunzi wakiwa likizo.

Lakini hapo kuna mtego, na mimi niliingia mzima mzima. Julai Iringa ni kavu. Ukuta mkavu, uwanja mkavu, mfereji unaonekana kama pambo. Nyumba yangu ya kwanza ilinipendeza hivyo hivyo, nikalipa miezi sita. Mvua hapa ni msimu mmoja, huanza Novemba mwishoni au Desemba na kwenda hadi Aprili. Februari, maji yaliyoshuka kutoka nyumba za juu yaliingia mlango wa jikoni na kutokea sebuleni, yakiwa na udongo mwekundu na kandambili za jirani. Mwenye nyumba alisema ni mipango ya Mungu. Jirani akaniambia ni kila mwaka.

Kwa hiyo, ukikagua wakati wa kiangazi, soma alama. Tazama nje, ukuta wa chini: je, kuna mstari wa udongo uliorukia rangi? Je, rangi ya nusu mita ya chini ni mpya kuliko ya juu? Simama mlangoni, geuka uangalie mlima uko wapi, kisha jiulize maji yatapita wapi yakishuka. Kama jibu ni "hapa niliposimama", aga kwa heshima.

Hatua ya tatu: Kagua maji, choo, dari na njia

Maji ndiyo ya kwanza. Maji ya mji yanachotwa Mto Ruaha Mdogo, yanasafishwa na kusukumwa kwa pampu kupanda huku juu. Nyumba zilizo mgongoni mwa kilima hupata msukumo mdogo, na umeme ukikatika kwa muda mrefu maji nayo husita. Fungua bomba saa mbili asubuhi, kila mtu anapooga na kufua; ukilifungua mchana halikuambii kitu. Kama kuna tenki juu ya mnara, uliza linajaza nyumba ngapi. Kama halipo, nunua mapipa mawili yenye mifuniko kabla hujanunua kochi. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi wenye mita moja, uliza bili inagawanywaje: kwa kichwa au kwa chumba? Ugomvi wa maji ndio unaohamisha watu Kihesa, kuliko wezi.

Choo watu wanaona aibu kukiuliza. Uliza. Chini ya Kihesa kuna mwamba, na sehemu nyingine fundi akichimba mita chache anagonga jiwe. Shimo likiwa fupi linajaa haraka, na wakati wa mvua linajaa haraka zaidi. Muulize mwenye nyumba limenyonywa lini mara ya mwisho, na kama gari la kunyonya linaweza kufika. Akisema halijawahi kunyonywa miaka kumi, ama shimo ni la ajabu ama hasemi kweli.

Dari ni kitu ambacho mtu wa Pwani hakijali, maana kule bati tupu linamkera kwa joto tu. Huku nyumba isiyo na dari, mwezi wa Juni na Julai, ni sawa na kulala kibarazani. Angalia pia madirisha ya chumba cha kulala yanatazama wapi. Upepo wa kipupwe unatoka kusini mashariki. Dirisha la nondo na wavu bila kioo upande huo litakuchosha. Chumba kinachopata jua la asubuhi kina thamani yake, kichague hata kama ni kidogo.

Njia: ingia na bajaji hadi mlangoni siku ya kukagua. Dereva akisema "nikuachie hapa, dada", mvua zikianza atakuachia mbali zaidi, na mtungi wa gesi utaubeba mwenyewe.

Umeme mara nyingi ni wa LUKU. Hakikisha mita ni ya nyumba yenu peke yenu, na ununue umeme wa majaribio mkiwa wote hapo, usije ukarithi deni. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayeweka umeme ni wewe. Mkubaliane mapema atakurudishia au atapunguza kwenye pango, na yaandikwe.

Hatua ya nne: Andikishana

Wenye nyumba wengi hudai miezi sita, wengine mwaka. Unaweza kuomba mitatu ukiwa na mtu wa mtaa wa kukusemea, ndiyo maana ya ile hatua ya kutembea. Mkataba uandikwe hata kama mwenye nyumba ni bibi mcheshi anayekuita mwanangu tangu siku ya kwanza. Bibi akifa, watoto watakuja kutoka Dar na hawatakujua. Andikeni kodi, tarehe, nani anatengeneza nini, notisi ya kuhama ni miezi mingapi, na hali ya nyumba siku unaingia: vioo vilivyopasuka, kitasa kibovu, ufa ukutani. Piga picha. Shahidi wa kila upande, na mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa akagonge muhuri.

Hatua ya tano: Jitambulishe mapema, wiki ile ile

Kuna ofisi na kuna watu. Ofisi ni ya serikali ya mtaa, yenye mwenyekiti na mtendaji. Peleka kitambulisho na mkataba, jina lako liingie kwenye daftari la wakazi. Siku utakapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya NIDA, benki, shule au dhamana, utaandikiwa na mtu anayekufahamu. Mgeni anayeonekana ofisini kwa mara ya kwanza siku anayotaka barua huambiwa arudi kesho, na kesho yake huambiwa aje na balozi. Balozi, yule wa nyumba kumi, ni wa shina la chama na si wa serikali, lakini kwa mtaa wa zamani kama huu neno lake bado lina uzito. Msalimie. Uliza namba ya nyumba yako kwenye anwani za makazi zilizobandikwa, itakusaidia kuelekeza wageni na mizigo.

Watu ndio kazi zaidi. Huku salamu hairukwi. Ukipita mbele ya mzee amekaa, unasimama, au angalau unapunguza mwendo. "Shikamoo" inafaa popote. Ukiongeza "Kamwene", salamu ya Wahehe na Wabena, utaona uso unafunguka. Watakujibu "Kamwene" na pengine kukuuliza kwa Kihehe jambo ambalo hutalielewa. Cheka, sema ndiyo kwanza unajifunza. Wenyewe huitana wanyalukolo, yaani ndugu. Nilipoitwa hivyo mara ya kwanza, na muuza nyanya, nilikuwa na mwaka na nusu hapa, na nilinunua nyanya nyingi kuliko nilizohitaji.

Nyumba ya kulia, ya kushoto, ya mbele na ya nyuma, zote nne, uzipitie wiki ya kwanza. Huhitaji zawadi. Unasema jina, kazi na nyumba uliyoingia. Usiingie ndani hata ukikaribishwa mara ya kwanza, ila ukipewa kiti uani ukae dakika kumi; kukataa kiti kunasemwa.

Hatua ya sita: Baridi, na jiko la mkaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ni suala la uhai.

Kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, usiku wa Iringa unakaribia nyuzi 10 na siku nyingine asubuhi ukungu hauondoki hadi saa nne. Watu wanaotoka joto hufanya jambo moja: wanapika ugali, kisha wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha na kulala. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, na haikohozeshi. Inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu anaona kichwa kinamgonga, usingizi unamzidi, miguu inakuwa mizito, na akilala haamki. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usio na moshi, ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu watu wanasema "moshi umeisha, sasa ni salama". Si salama. Jiko libaki nje, mlango ukiwa wazi au umefungwa, mkiwa wawili au kumi. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua kila kitu, mtoe nje kwenye hewa, na umkimbize hospitali; Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko mjini. Namba ya polisi ni 112 na ya zimamoto ni 114.

Njia za kujipasha joto zipo nyingine. Blanketi mbili nzito za mtumba zinashinda blanketi moja jipya la dukani. Nenda kwenye mitumba mapema Mei, kabla ya bei kupanda. Weka mkeka au zulia chini ya godoro, kwa kuwa baridi ya sakafu ya saruji hupanda. Chupa ya plastiki ngumu yenye maji ya moto, imefungwa vizuri na kuzungushiwa kanga, inakaa na joto hadi usiku wa manane. Oga saa kumi jioni, jua likiwepo. Na kupaka mafuta mazito midomoni na visiginoni si urembo huku. Upepo wa Julai unapasua ngozi.

Oktoba na Novemba ni kinyume chake: joto la mchana na vumbi jekundu linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Hupita.

Hatua ya saba: Jifunze soko

Soko la Kihesa linatosha kwa siku za kawaida. Kwa mahitaji ya mwezi, shuka Soko Kuu mjini au Mlandege. Jua vipimo: fungu, kisado, debe, gunia. Mwuzaji akikuambia bei, uliza ni ya kisado cha kujaza au cha kusawazisha. Vinatofautiana sana.

Ukijua kitu kinatoka wapi utajua lini ni rahisi. Nyanya na vitunguu vinatoka Ilula na Ruaha Mbuyuni, mchele Pawaga na Idodi, samaki Mtera kwa barabara ya Dodoma, viazi na parachichi Njombe na Kilolo. Barabara ya upande fulani ikiharibika kwa mvua, utaisoma kwenye bei kabla ya kuisikia redioni. Mahindi nunua Juni hadi Agosti yakishavunwa, uyahifadhi. Anayenunua unga wa kilo kilo hadi Februari anapoteza hela nyingi bila kujua. Yakaushe vizuri na uulize duka la pembejeo dawa sahihi, maana dumuzi hana huruma.

Ukitaka kapu la kudumu, nunua la milulu, yale makapu ya Iringa yanayosukwa na akina mama wa vijijini. Langu la nyanya lina miaka saba.

Hatua ya nane: Usafiri

Daladala zinapita barabara kuu, nyingi zikipitia Miyomboni, katikati ya mji. Bajaji za kuchangia zinafuata njia hizo hizo na hujaza haraka. Ukitaka kupelekwa hadi mlangoni sema ni ya kukodi na mkubaliane kabla hujakaa. Usiku baada ya saa tatu, weka namba za madereva wawili unaowafahamu, tena wakazi wa mtaa wako.

Basi la Dar au Mbeya linaishia chini, stendi ya Igumbilo au Ipogolo, si mjini. Wageni wako waambie mapema, na wajue kwamba kutoka huko hadi Kihesa ni kupanda na kuvuka mji mzima. Mizigo ikiwa mingi, bajaji moja ya kukodi ni nafuu kuliko kubadilisha mara mbili. Mabasi ya Dodoma yenyewe yanapita hapa hapa barabarani, na hiyo ndiyo raha ya Kihesa isiyosemwa.

Hatua ya tisa: Misiba, michango na ulanzi

Ukisikia turubai linafungwa jirani, nenda. Mwanamke anakwenda na kanga na, akiweza, unga au kuni. Mwanaume anakaa nje na wenzake, hata kama kimya. Rambirambi huandikwa kwenye daftari na daftari husomwa. Kiasi si hoja. Kutokuwapo ndiko kunakokumbukwa. Kuna pia hela ya taka, ulinzi shirikishi, na usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambao ndio mahali rahisi kuliko pote pa kufahamiana na watu, kwa sababu kila mtu ameshika fagio na hakuna anayejidai.

Vikoba viko vingi. Usiingie mwezi wa kwanza. Angalia kwanza nani anashika sanduku.

Mvua zikianza, ulanzi unaanza. Ni utomvu wa mwanzi, hugemwa asubuhi na jioni. Siku ya kwanza ni mtamu, hata mtu asiyekunywa pombe anauonja. Ulanzi ukilala unakuwa mkali, na wenyeji huuita mdindifu. Mgeni anayekunywa mdindifu kama alivyokunywa ule wa jana hutafutiwa bajaji.

Hatua ya kumi: Uzunguke

Anza na jiwe la Gangilonga. Jina ni la Kihehe, jiwe linaloongea, na masimulizi yanasema Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akienda kukaa pale kutafakari. Ni matembezi ya jioni kutoka Kihesa, na njia kila mtu anaijua. Juu, mji wote uko chini yako: mabati, miti, na ng'ambo ya bonde vilima vinavyopauka kadiri vinavyokwenda mbali. Mijusi wenye vichwa vya rangi watakuachia sehemu yenye jua. Nenda na mwenzako, usionyeshe simu njiani, na ushuke kabla giza halijaingia, maana watu wameporwa pale. Mwamba ukiwa umelowa usipande. Viatu vya soli laini vinateleza.

Jumamosi inayofuata shuka mjini kwa miguu, ujifunze njia. Pita Boma la Iringa, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Saa moja na nusu inatosha. Ukitaka kahawa, nenda mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanza 2003 unaoajiri watu wenye ulemavu. Wahudumu wengi ni viziwi, kwa hiyo unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Mwanangu alijifunza ishara ya chai pale kabla ya kujua kusoma.

Karibu zaidi na Kihesa, kwa barabara ya Dodoma, kuna miamba ya Igeleke yenye michoro ya kale. Watu wamekaa hapa miaka ishirini hawajawahi kuiona. Usiguse michoro na usiimwagie maji ili "ing'ae", ndivyo inavyofutika.

Kalenga ni safari ya nusu siku, kilomita kama 15 kwa barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Ndiko ilikokuwa ngome ya Mkwawa, ambaye majeshi yake yaliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome ilianguka mwaka 1894, mwenyewe akaendelea kupigana porini hadi Julai 1898 alipojiua asikamatwe. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani na kurudishwa 1954. Liko pale makumbusho. Nenda na mzee wa Kihehe kama utampata. Nilikwenda mara ya kwanza peke yangu nikaona fuvu. Mara ya pili nilikwenda na mama mwenye nyumba wangu wa sasa, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa na mtu, nami nikavua vyangu.

Isimila weka mwisho. Ni kilomita kama 20 kwa barabara ya Mbeya: zana za mawe za watu wa kale zimelala ardhini zilipochimbuliwa, na mbele kidogo kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Panda gari linaloelekea Mafinga, mwambie konda akushushe Isimila, na umwambie tena mkishapita Ipogolo kwa kuwa atasahau. Ondoka asubuhi. Kivuli ni kidogo, kwa hiyo beba maji na kofia, na umwachie jirani ufunguo. Gari la kurudi jioni hujaa, na unaweza kufika saa mbili usiku ukakuta nguo zako zimeanuliwa kwa sababu ya mvua.